Moshi Alioukataa Parmuat

Katika hoteli za kitalii zilizopanda juu ya mashamba ya kahawa, upande wa Karatu unaoutazama msitu, hapakuwa na mhudumu wa baa aliyeaminiwa kuliko Parmuat. Wenye hoteli walimwamini kwa sababu hakunywa. Wageni walimwamini kwa sababu alivizungumzia vinywaji kama mtu aliyevinywa maisha yake yote. Hakuna aliyejiuliza ni vipi sababu hizo mbili zilikaa katika mtu mmoja.

Alikuwa Mmasai wa Olbalbal, tambarare kavu iliyo chini ya milima ya kreta, na umri wake ulikuwa umevuka hamsini. Ndewe za masikio yake, zilizotobolewa na kuvutwa tangu utotoni, zilining'inia juu ya kola nyeupe iliyopigwa pasi, na tai yake haikupata kulegea hata siku za joto. Mjini alikuwa mzee wa kanisa, mume wa Judith, fundi cherehani kutoka Machame. Siku ya kipaimara alikuwa ameapa kwamba pombe haitapita midomoni mwake, na kazi ya baa, iliyowaangusha wengi, yeye ilimwimarisha; kila jioni aliona mbele ya kaunta sababu mpya ya kukishika kiapo chake.

Wiski alizijua kwa kukariri. Kijitabu cha wauzaji alikuwa amekiweka kichwani kama alivyoiweka katekisimu, na mgeni alipoonyesha kwa kidole chupa ya rafu ya juu, ile iliyouzwa kwa toti na kwa bei ya kumfanya mtu afikirie mara mbili, Parmuat aliinamisha kichwa kidogo na kusema: "Hii ni ya moshi. Utakutana kwanza na moshi wenyewe, kisha dawa ya hospitali, kisha chumvi ya bahari, na mwisho jivu la moto uliozimika." Bahari alikuwa ameiona mara moja tu, Tanga, kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzake, na hakuionja.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda, mpaka wauzaji wa vinywaji wa Arusha walipomtuma Witness kuja kuwafunza wahudumu wa baa wa Karatu.

Witness alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Marangu, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kudanganywa. Aliwakusanya wahudumu sita katika baa ya hoteli ya Parmuat asubuhi, wakati wageni walikuwa wameteremka kreta kutazama vifaru, akapanga glasi ndogo zenye matumbo mapana na midomo iliyobanwa.

"Wewe, kaka, jina lako nani?" alimwuliza kijana mnene aliyekaa karibu na mlango.

"Martini."

"Nimeuliza jina. Sikuuliza unachotaka kunywa."

Baa nzima ilicheka. "Ndilo nililobatizwa, dada," Martini alijitetea. "Padri wa Rombo hakujua habari za baa."

"Na huyu mzee wangu mwenye tai? Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Parmuat. Nitasikiliza tu, binti yangu. Mimi sionji."

"Mwacheni huyo," alidakia Zablon, Mwiraki wa Mbulu, ambaye alikuwa amefanya kazi naye miaka mingi. "Huyo anauza pombe kama kipofu auzaye miwani. Na anatuzidi sote kwa mauzo!"

Witness hakucheka safari hii. Alimtazama Parmuat kwa adabu, akasema, "Mzee, siwezi kukulazimisha. Lakini ukiweka tone ulimini ukalitema, utakuwa umejua unachowaambia watu. Mchungaji akiuliza, mwambie ulikuwa darasani."

Kisha akaifungua chupa ya moshi. Alieleza polepole, kama mwalimu wa zamani, jinsi shayiri inavyoloweshwa hadi ikachipua, na jinsi inavyokaushwa katika visiwa vile vya baridi kwa moto usio wa kuni: udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa kama matofali, ukaanikwa, ukawashwa. Moshi wake huingia ndani ya nafaka na hautoki tena, hata baada ya kuchemshwa, kukenekwa, na kufungiwa gizani katika pipa la mwaloni.

"Hii iliyo mkononi mwangu ilikaa ndani ya pipa miaka ishirini na mitano," alisema. "Wakati inaingia humo, ninyi mlikuwa wapi?"

"Nachunga mbuzi Rombo," alisema Martini.

"Darasa la tatu, nachapwa," alisema Zablon.

Parmuat alikuwa amejua mara moja alikokuwa.

Aliinua glasi yake. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyopoa, na alipoizungusha kama alivyowafundisha wageni kuizungusha, matone yaliteremka ubavuni mwa kioo bila haraka, mazito kama mafuta. Akaisogeza puani. Moshi ulikuja kwanza, kama kijitabu kilivyosema, na nyuma yake dawa ya hospitali, vikali vyote viwili, na hapo angaliweza kuirudisha glasi mezani na kubaki mtu yule yule. Lakini Witness alidondosha maji kidogo katika kila glasi, akawaambia wangoje, na walipokuwa wakingoja kitu kingine kilipanda kutoka chini ya ule ukali: kitu kitamu, kizito, chenye ngozi na samli ndani yake. Parmuat akaweka tone ulimini. Lilimchoma, likatulia, likalainika. Alikuwa amekusudia kulitema. Alilimeza, na baada ya kulimeza moshi ulirudi peke yake kutoka kooni, mkavu na mtulivu, ukajaa kinywa kizima.

Aliujua moshi huo. Haukuwa wa kisiwa chochote. Ulikuwa wa oloirien, mzeituni wa mwituni ambao wanawake wa Olbalbal huufuata juu kabisa ya miteremko ya kreta, wakarudi na mizigo mgongoni. Alimwona mama yake, Nareyu, ameketi kando ya moto, kijiti kinachowaka mkononi, akikitia ndani ya kibuyu, akikisaga ukutani mwa kibuyu kwa mzunguko mmoja usiokatika, akifunika, akisikiliza, akifunua, akipangusa mkaa kwa mwengo wa mkia wa ng'ombe. Kisha maziwa. Maziwa ya kibuyu kilichounguzwa hayakuwahi kuwa maziwa tu.

"Mzee wangu, unasikia nini?" Witness aliuliza.

Maneno ya kijitabu yalikuwa tayari mdomoni, dawa ya hospitali na chumvi ya bahari, lakini hayakutoka. "Nasikia nyumbani," alisema, akaiweka glasi chini.

Wenzake walidhani ni mzaha, wakapiga makofi. Zablon alisema sasa kanisa limempoteza mzee. Witness, ambaye hakudhani ni mzaha, alimimina kilichobaki katika kichupa cha sampuli, akakifunga kizibo, na kukitia katika mfuko wa shati la Parmuat.

Nyumbani, Judith aliunusa moshi huo mara mlango ulipofunguliwa. Aliuondoa mguu kwenye cherehani. "Baba, umekunywa?"

"Nimeonja."

"Leo? Uzeeni?"

Alikaa kitandani bila kuvua viatu, akamsimulia. Mkewe alisikiliza huku akiizungusha kanda ya kupimia shingoni, na Parmuat alipofika mwisho, yeye hakushangaa kama mumewe alivyotarajia.

"Mimi ningekunywa siku ile," alisema.

Siku ile, miaka ishirini na mitano nyuma, Parmuat alikuwa amempeleka Judith kwa mama yake kwa mara ya kwanza. Parmuat alikuwa ametoka tu katika chuo cha hoteli Arusha, na cheti chake kilikuwa bado hakijapata mkunjo. Chuoni walikuwa wamemfundisha kutazama glasi dhidi ya mwanga, kutafuta doa, kunusa kitambaa. Nareyu alikuwa amewangoja tangu asubuhi. Kibuyu cha Parmuat, kwa maana mama wa Kimasai huwa na kibuyu cha kila mtu wa nyumba yake wala hawachanganyi, alikuwa amekivalisha shanga mpya mdomoni, za buluu na nyeupe, akakiunguza, akakijaza, akammiminia mgeni kwanza. Judith alinyoosha mkono. Parmuat aliona vipande vyeusi vya mkaa vikielea juu ya maziwa, akaona haya kwa niaba ya msichana wa Machame ambaye hakuwa amemtuma kuona haya. Alikiondoa kikombe mkononi mwake.

"Yeyo," alimwambia mama yake, kwa sauti ya chuoni, "haya si safi. Yananuka moshi. Chemsha maziwa, uyatie kwenye chupa ya chai, kama watu."

Nareyu hakubisha. Alikichukua kibuyu, akakiweka pembeni, akachemsha mengine. Tangu hapo, kila Parmuat alipokwenda Olbalbal, alikuta chupa ya chai yenye maua mekundu ubavuni imesimama mahali pa kibuyu, nayo maziwa yake yalikuwa safi na hayakuwa na ladha yoyote. Alimsifu kila mara. Alidhani amemfundisha jambo.

"Kwetu hata pombe ya mbege ina moshi," Judith alisema sasa. "Ulidhani ningekufa? Uliniondolea mdomoni."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa mchumba. Mchumba anasema nini?" Aliirudisha nguo chini ya sindano, kisha akasimama tena. "Mama bado yupo hai. Nenda ukamwombe. Uombe kwa mdomo wako, kama ulivyokataa kwa mdomo wako."

Basi hilo likawa ndilo ombi lake, na hakutaka jingine: kunywa tena katika kibuyu kile, kutoka mkono ule, kabla mkono haujaenda.

Gari la hoteli lililokuwa likiwapeleka wageni Serengeti lilimchukua hadi njia panda. Walipita ukingo wa kreta wakati ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya miti, na Parmuat, ambaye alikuwa ameipita barabara hiyo mara zisizo na idadi, aliitafuta mizeituni ya mwituni kati ya mierezi, akaiona, akaihesabu kama mtu anayetazama mali ya wengine. Kisha wakateremka upande wa pili, kijani kikaisha, na vumbi jeupe la Olbalbal likaanza. Alishuka na mfuko wa sukari, majani ya chai, ugoro wa mama, na kile kichupa, akatembea.

Ndugu yake, Saning'o, alikuwa ameyafuata maji mbali pamoja na ng'ombe. Bomani alikuwepo Kakenya, mke wa Saning'o, na Nareyu mwenyewe, ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe.

"Viatu hivyo ni vya Karatu," alisema kabla Parmuat hajafika.

Parmuat aliinamisha kichwa, na mkono wa mama ukaupata utosi wake baada ya kukosa mara moja. Mkono ulikuwa ukitetemeka.

"Umekonda," alisema.

"Nimenenepa, Yeyo. Judith anashona upya suruali zangu zote."

"Basi umekonda kichwani."

Kakenya alicheka, akaingia ndani, na akatoka na chupa ya chai yenye maua mekundu. Ilikuwa imepauka, na kizibo chake kilikuwa kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Alikuwa ameanza kumimina, Parmuat akamzuia kwa kiganja.

"Leo sitaki ya chupa. Yeyo, nipe ya kibuyu."

"Shemeji, unaumwa?" Kakenya aliuliza.

"Kibuyu kipi?" aliuliza Nareyu.

"Changu. Kile cha shanga za buluu na nyeupe."

Ndama mmoja alilia nyuma ya zizi. "Shanga unazikumbuka," Nareyu alisema hatimaye, na haikuwa rahisi kujua kama alikuwa akisifu au akikemea. "Nilikiunguza kila uliponiletea salamu kwamba unakuja. Nilikijaza nikakiweka hapo ndani, karibu na kitanda, nikangoja uulize. Wewe unafika, unauliza chupa. Ukiondoka, nawapa watoto. Nikasema, atauliza safari ijayo. Ukaja ule ukame, ng'ombe wakaisha, maziwa hayakuwatosha hata ndama. Kibuyu kikakaa kikavu. Siku moja kikapasuka."

"Kilipasuka kwa mlio," Kakenya alisema. "Nilidhani mbwa amevunja mfupa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini?" Nareyu alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Parmuat alitoa kichupa mfukoni. Hakujua vizuri alichotaka kifanye. Labda alitaka mama yake ajue kwamba sasa mwanawe anajua. Alikifungua, akakiweka chini ya pua ya mama.

Nareyu alirudi nyuma, kisha akasogea tena, akanusa taratibu, kama anayesikiliza sauti ya mtu aliye chumba cha pili. "Nani aliyekiunguza hiki?" aliuliza. "Ana haraka. Ameacha mkaa ndani."

"Si kibuyu, Yeyo. Ni pombe ya Wazungu. Moshi wameutia kwa makusudi."

"Kwa makusudi?"

"Ndiyo. Kisha huifungia gizani miaka mingi. Wageni wangu huinywa tone kwa tone, nao huilipia sana."

"Wanaulipia moshi?"

"Wanaulipia."

Aliutafuta mkono wa mwanawe, akaupata, akakirudisha kichupa kiganjani na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Nami nilikupa bure," alisema.

Hakusema kwa hasira. Kama angalisema kwa hasira, Parmuat angalipata pa kushika.

Kakenya alisema kibuyu si kitu cha kulilia. Viko vibuyu vingine, na vijiti vya oloirien anavyo viwili vitatu, atamwunguzia shemeji yake sasa hivi. Nareyu alikataa kwa kichwa. "Wewe una mume, na vibuyu vya mumeo. Cha huyu huunguzwa na mama yake, au na mkewe."

"Basi nitakiunguza mimi," Parmuat alisema. "Yeyo, wewe utanielekeza kwa mdomo."

Kakenya alizidiwa na kicheko. Hata Nareyu alitabasamu. "Mwanamume aunguze kibuyu!"

"Karatu naosha glasi za watu kutwa nzima."

"Karatu wewe ni wa Karatu. Hapa wewe ni mwanangu." Kisha tabasamu likamtoka. "Mkeo angejifunza. Siku ile nilimwona. Nilikuwa bado naona. Alinyoosha mkono kabla sijamaliza kumimina. Nikajiambia, huyu atakiweza. Nilikuwa nimepanga akae siku chache nimwonyeshe jinsi ya kusaga bila kukata mzunguko." Alivikunjua viganja vyake mbele yake, akavitazama kwa macho yasiyoona. "Haisemeki kwa mdomo. Ni mkono kushika mkono. Na kijiti kinachowaka hakiutaki mkono kama huu."

Hapo ndipo Parmuat alipoelewa kwamba alichokiondoa mkononi mwa Judith siku ile hakikuwa kikombe tu.

Aliomba aonyeshwe kibuyu. Kakenya alimpeleka nyuma ya zizi. Nusu moja ilikuwa imepotea. Nusu ya pili ilikuwa imekatwa ikawa bakuli, na ndani yake mlikuwa na chumvi ya ndama. Shanga hazikuwepo, watoto walikuwa wamezigawana. Kwa nje bado kilikuwa na rangi ile ya kahawia iliyoiva, rangi ya kitu kilichoshikwa sana. Ndama mmoja, mwekundu, alikuwa akiiramba chumvi, akaachia kichwa chake kisukumwe kando bila kinyongo.

Parmuat alichuchumaa, tai ikagusa mavumbi. Aliinamisha pua hadi ndani ya bakuli, akavuta pumzi ndefu, akangoja, kama alivyofundishwa, kitu cha pili kiibuke kutoka chini ya kile cha kwanza. Alingoja tena. Ilikuwa chumvi tupu.

"Naweza kuondoka nacho?" aliuliza.

"Na ndama walambe wapi, shemeji?"

Alikirudisha mahali pake, akakisawazisha kisilale upande. Aliporudi kivulini, kikombe cha bati kilikuwa kimekwisha kujazwa, na Nareyu alikuwa amekishika kwa mikono miwili ili kisimwagike, akikielekeza upande ambao viatu vya Karatu vilikuwa vikitokea.

"Yamechemshwa," alisema. "Kama ulivyosema."

Parmuat alikipokea. Maziwa yalikuwa meupe, safi, bila punje ya mkaa. Aliyanywa polepole, bila kupumzika, na mama yake aliinamisha sikio, akisikiliza kila funda linavyoshuka, mpaka alipoyamaliza na kuomba mengine.